Loitokitok: Mahali Vijana Wanapofunzwa na Mlima

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akisha kufika Emali, huiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini. Mwendo wa karibu kilomita 100 humpitisha katika nchi kavu ya Wamaasai, nchi ya migunga na vumbi, ambako mifugo huonekana mara nyingi kuliko nyumba. Upande wa kushoto huandamana naye Milima ya Chyulu, ambayo kwa mbali ni kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mbele yake hapana kitu ila mawingu. Mgeni asiyejua aweza kusafiri mchana kutwa asitambue kwamba nyuma ya mawingu hayo umesimama mlima mrefu kuliko yote ya Afrika. Mlima wa Kilimanjaro hauna desturi ya kujionyesha adhuhuri. Hujifunua alfajiri, na tena jua linapokaribia kutua. Na hata mtu aliyezaliwa chini yake husimama kidogo kuutazama, jembe mkononi.

Afikapo Kimana msafiri huona nchi imebadilika. Maji ya chemchemi zitokazo mlimani yamechimbiwa mifereji, na wakulima hulima nyanya na vitunguu ambavyo malori huvichukua kwenda miji mikubwa. Kutoka hapo njia hupanda, hewa hupoa, mahindi na maharagwe hushika pande zote mbili, na kisha hutokea mji wa Loitokitok. Siku ya Jumanne ni siku ya soko. Wamaasai huja na mbuzi na ng'ombe, wakulima huja na magunia yao, na lugha nne au tano husikika katika safu moja ya wauzaji, huku Kiswahili kikipatanisha bei. Mpaka wa Kenya na Tanzania umepita karibu mno na mji huu. Kilele cha mlima kiko Tanzania, lakini miguu yake ya kaskazini imenyoshwa hadi Kenya, na mji wa Loitokitok umeketi juu ya mguu mmoja.

Katika mji huu, mwaka 1952, palifunguliwa shule ambayo darasa lake kubwa lilikuwa ni mlima wenyewe. Jina lake lilikuwa Shule ya Mlimani ya Outward Bound. Maneno hayo mawili ni ya mabaharia, nayo husemwa juu ya meli iliyokwisha kung'oa nanga na kuelekeza omo yake kwenye bahari kuu. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba neno la baharini lilikuja kuota mizizi mahali palipo mbali na bahari namna hii. Lakini maana yake haikupotea njiani. Kijana aliyefika Loitokitok aliiacha bandari yake, yaani mama yake, mwalimu wake, au karani mkuu wa ofisi yake, akatumwa penye mawimbi.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa raha. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, na ubaguzi wa rangi ulikuwa umetawala katika shule, hospitali na mahoteli. Hata hivyo, huko Loitokitok vijana wa rangi mbalimbali walifundishwa pamoja. Isisemwe kwamba shule hiyo iliondoa ubaguzi, kwa maana haikuuondoa. Kijana akisha kurudi Nairobi alikuta milango ile ile imefungwa kama alivyoiacha. Lakini mzigo hauna rangi, na mtu aliyeshikiwa kamba na mwenzake penye genge hawezi tena kuambiwa habari za mwenzake huyo na watu wasiomjua.

Mafunzo yalichukua majuma, si miezi. Vijana walitembea na mizigo mgongoni, wakajifunza kusoma ramani, kutumia dira, kufunga majeruhi, na kulala nje penye baridi. Na mwishowe waliupanda mlima. Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe.

Mlima wa Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895 toka usawa wa bahari. Juu ya kilele pumzi moja humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo pale Mombasa. Apandaye upesi huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi, na akijilazimisha kuendelea aweza kupatwa na maji katika mapafu au uvimbe katika ubongo, akafa. Dawa yake ya hakika ni moja, nayo ni kushuka. Ugonjwa huu haumchagui mtu kwa nguvu zake. Mwenye kifua kipana, bingwa wa mbio katika shule yao, huugua sawasawa na mwembamba aliyezoea kukaa na vitabu. Na mara nyingine bingwa ndiye augue kwanza, kwa sababu alikwenda upesi ili aonekane.

Hata kupika kwahitaji akili mpya. Kwa kila mita 300 anazopanda mtu, maji huchemka kwa joto lililopungua kwa digrii 1 hivi, basi penye mita 3,000 huchemka yakiwa na digrii 90 tu. Sufuria hutokota kama kawaida, mvuke hutoka, na mpishi hufurahi. Lakini maharagwe hayaivi. Kijana aliyezoea kula maharagwe kila siku pasipo kufikiri hugundua, saa tatu za usiku, katika upepo, kwamba chakula chataka kupangwa tangu bondeni. Wenye akili huyaacha maharagwe chini na kupanda na unga, chai, sukari na vitu viivavyo upesi.

MWALIMU ALIYEMPINGA HITLER

Fikira iliyoleta shule hiyo haikuzaliwa Afrika, wala haikuzaliwa Uingereza. Ilitoka kwa Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1886 katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani. Hitler alipoinuka, Hahn alimpinga waziwazi, na mwaka 1933 akatiwa gerezani. Marafiki zake wa Uingereza walimwombea akafunguliwa, naye akahamia huko. Na mwaka 1934 alianzisha shule ya Gordonstoun katika Scotland. Huko alianza desturi ya kuwapa vijana nishani, si kwa sababu ya kuwashinda wenzao, bali kwa kufikia kipimo kilichowekwa.

Kisha ikaja vita. Lawrence Holt, mwenye meli wa Liverpool, alisumbuliwa na jambo moja. Meli za biashara zilipozamishwa na Wajerumani, ilionekana kwamba katika mashua za kuokolea watu mabaharia vijana walikufa upesi kuliko wazee, ijapokuwa miili yao ilikuwa na nguvu zaidi. Holt aliona kuwa wazee wale walikuwa wamekwisha kuona dhoruba nyingi na kuzivuka, nao walijua kwamba mtu aweza kustahimili zaidi ya adhanivyo; vijana hawakulijua hilo, wakakata tamaa. Mwaka 1941 Holt na Hahn waliungana kufungua shule katika mji mdogo wa pwani uitwao Aberdovey, huko Wales, ili kijana aonje dhoruba kabla dhoruba haijamjia. Hiyo ndiyo iliyokuwa Outward Bound ya kwanza, na hiyo ya Loitokitok ni mtoto wake.

Kutoka kwa mwalimu huyo huyo lilichipuka tawi la pili, ambalo limeenea zaidi. Prince Philip, Mtawala wa Edinburgh, alikuwa mwanafunzi wa Hahn. Mwaka 1956 alianzisha tuzo ya vijana yenye jina lake, na kazi ya kuiongoza akapewa Sir John Hunt, yule aliyeongoza msafara uliokifikia kilele cha Everest mwaka 1953. Mwanzoni ilikuwa ya wavulana peke yao; wasichana walifunguliwa mlango mwaka 1958. Leo tuzo za namna hiyo zimo katika nchi zaidi ya 100. Kenya ilianzisha yake mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, ikaitwa Tuzo ya Rais. Jambo hilo lastahili kuangaliwa. Nchi iliyokuwa ikibadilisha majina ya barabara zake na kuondoa sanamu za watawala wa zamani haikuitupa fikira hii, bali iliitia nguo yake yenyewe.

Tuzo hii ni ya vijana wenye umri wa miaka 14 hadi 24, nayo ina ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Katika kila ngazi kijana hutakiwa kutoa huduma kwa watu, kujifunza ustadi fulani, kuuzoeza mwili wake, na kufanya safari. Afikaye ngazi ya Dhahabu hutakiwa pia kukaa siku tano mahali mbali na kwao, akifanya kazi pamoja na watu ambao si rafiki zake wa kila siku. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kijana akipata nishani hakumnyang'anya mwingine, na hilo si jambo dogo katika nchi ambayo mtoto huanza kupangwa kwa namba, wa ngapi kati ya wangapi, tangu mwaka wake wa kwanza wa shule.

SAFARI NA MAJI

Kati ya sehemu hizo, safari ndiyo izungumzwayo zaidi na vijana wenyewe. Kundi huwa la watu wanne hata saba. Safari ya Shaba ni ya siku mbili na kulala usiku mmoja. Ya Fedha ni siku tatu. Ya Dhahabu ni siku nne na usiku wa tatu. Hufanyiwa matayarisho na safari ya majaribio kabla ya ile itakayopimwa. Na sheria yake kubwa ni hii, kwamba safari ni ya vijana. Wao huchagua njia, wao huchora mpango, wao hubeba vyakula na mahema, wao hupotea na wao hujitafuta. Yuko mtu mzima aliyefundishwa kazi hiyo, lakini hatembei kati yao akiwaonyesha njia. Hungoja mahali palipokubaliwa, na kuja upesi ikiwapo hatari. Mzazi asikiapo habari hii kwa mara ya kwanza huona kuwa ni uzembe. Kwa kweli ni kazi ngumu kuliko kuongoza, maana msimamizi hutakiwa kumtazama kijana akielekea kwenye kosa lisiloua, na kunyamaza.

Ili jambo hili lieleweke, na tuseme kundi ni la vijana sita wa shule moja ya sekondari, na safari yao ya Dhahabu ni juu ya Milima ya Chyulu, ile inayoonekana kushoto mwa njia ya Loitokitok. Milima hiyo ilitokana na moto wa ardhini, na kilele chake kina zaidi ya mita 2,100. Majani yake ni mazuri, na misitu hushika mabonde ya juu. Lakini juu ya milima hiyo hakuna mto hata mmoja. Mvua ikinyesha huzama katika mawe yenye matundu, ikapita chini kwa chini na kutokea mbali kwenye chemchemi za Mzima, ambazo baadhi ya maji yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Basi mtu aweza kusimama juu ya maji ya mji mzima na akafa kwa kiu. Tena nyati na tembo wamo, na sehemu ya milima ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo ruhusa hutakiwa, na askari wa wanyamapori mwenye bunduki.

Vijana hao hukaa mezani na kufanya hesabu. Kila mtu atahitaji lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu sita ni lita 24. Siku nne ni lita 96, na lita moja ina uzito wa kilo moja. Hakuna awezaye kubeba kilo 16 za maji juu ya hema, mfuko wa kulalia, nguo na chakula. Hivyo huamua kwamba madebe manne ya maji yapelekwe kwa gari mbele yao, mahali ambapo njia ya gari yafika, na wao wabebe ya siku moja moja. Hesabu hii ni nyepesi kwa mtoto wa darasa la tano. Lakini ni mara ya kwanza hesabu imekuwa na uzito begani.

Siku ya kwanza kundi huondoka kwa furaha na nyimbo. Wenye nguvu huenda mbele, kwa maana ndivyo walivyozoea uwanjani. Baada ya saa mbili wametawanyika, wa mbele wakiwa wameketi juu ya kilima wakipumzika na kungoja, wa mwisho angali chini katika nyasi. Akiwafikia, wao huinuka na kuendelea, kwa kuwa wamekwisha kupumzika. Naye, ambaye ndiye mwenye haja ya kupumzika, hapati. Jambo hili hutukia karibu katika kila kundi, na huumiza kuliko mlima. Mtu mzima angewaambia dawa yake kwa neno moja. Wao huigundua alasiri, au siku ya pili, baada ya maneno makali: aliye mzito wa mwendo huwekwa mbele, na wengine wote hufuata mwendo wake; sufuria na kamba hutolewa katika shanta lake na kutiwa katika mashanta ya wenye nguvu. Na ajabu ni kwamba kundi zima hufika mapema zaidi.

Usiku mmoja wao huosha sufuria kwa maji ya kunywa. Hakufanya kwa ubaya. Nyumbani kwao sufuria chafu ni aibu. Asubuhi maji yamebaki lita 5, na debe la kwanza li umbali wa saa sita. Hapo ndipo safari yaanza kwa kweli. Hakuna mwalimu wa kushtakiwa kwake. Hakuna bomba. Wakimpiga mwenzao kwa maneno, maji hayataongezeka. Kiranja wa bweni, aliyezoea kutoa amri, hutoa amri na kuona haisaidii kitu. Labda ni msichana mnyamavu, ambaye kwao ni nchi kavu na ambaye tangu utotoni ameona mama yake akigawa maji, asemaye taratibu kwamba kikombe kimoja kitumike kupima, kila mtu anywe mbele ya wenzake, na watembee sasa kabla jua halijapanda. Wanamsikiliza kwa sababu ajua, wala hawaulizi cheo chake. Na aliyemwaga maji, ijapokuwa hakuna aliyemwambia, hubeba hema mbili siku hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba ujasiri ufundishwao mlimani ni wa kuvumilia bila kusema. Walimu wa kazi hii wajua kwamba sivyo. Kijana wa kuogopwa zaidi katika kundi si yule aliaye, bali yule afichaye. Huficha lengelenge mguuni hata liwe kidonda. Huficha kwamba hakuielewa ramani. Juu ya Kilimanjaro huficha maumivu ya kichwa, asije akachekwa, hata aanze kuyumba. Kusema mbele ya wenzake watano, “Ngojeni, siwezi,” kwataka moyo mkubwa kuliko kuendelea. Na kundi ambalo mtu aweza kusema hivyo asidharauliwe limekwisha kuwa kundi. Kabla ya hapo lilikuwa ni watu sita waliokwenda njia moja. Ndiyo maana makundi yaliyogeuka nyuma kwa ajili ya mgonjwa mara nyingi hurudi yakiwa yamejifunza zaidi kuliko yale yaliyofika salama pasipo tatizo.

MASWALI YA WAZAZI

Wako wazazi wasioridhika na mambo haya, na hoja zao si za kupuuzwa. Mkulima mmoja mmoja huuliza kwa nini alipe fedha ili mwanawe akalale katika baridi, na hali shamba linataka kupaliliwa, na kuni za kubeba ziko nyumbani bila malipo. Mtoto wa shamba, asema, hubeba maji tangu ana miaka sita. Ni watoto wa mjini wanaohitaji kupelekwa porini. Kuna kweli katika hayo. Mchungaji wa Loitokitok, akiwaona wanafunzi wakihema na mizigo yao kuelekea mahali ambapo yeye hufika kila siku na fimbo tu, ana haki ya kucheka.

Lakini mtoto abebaye maji nyumbani hubeba kwa amri. Hakuamua kisima, wala saa, wala kipimo. Akikosea, baba atasahihisha. Nguvu anazo, na uvumilivu anao. Asichopewa mara nyingi, mjini na shambani sawasawa, ni nafasi ya kuamua jambo pamoja na wenzake na kulibeba tokeo lake. Mchungaji yule acheka kwa haki kwa sababu yeye amepewa nafasi hiyo: ng'ombe wa jamaa nzima wamo mikononi mwake, na simba hangoji ushauri wa baba.

Wamaasai, ambao nchi hii ni yao, walijua jambo hili kabla Kurt Hahn hajazaliwa. Vijana wao walitahiriwa kwa rika, wakawa morani kwa pamoja, na kwa desturi morani hali chakula peke yake. Akitaka kula au kunywa maziwa humtafuta mwenzake wa rika. Sheria hiyo ni nyepesi kuitaja na ni ngumu kuitimiza. Mwenye njaa hulazimika kumfikiria mwingine kabla ya tumbo lake, kila siku, kwa miaka. Makabila mengi ya Kenya yalikuwa na jando na marika yenye mafundisho yaliyofanana na hayo, na siku hizi shule na kazi za mjini zimeyafupisha au kuyaondoa. Tuzo haiwezi kukaa mahali pake. Haina wazee, haina nyimbo, haimfungi kijana na rika lake mpaka kufa. Lakini yule asemaye kwamba jambo hili ni la kigeni tupu hajakumbuka vizuri mambo ya babu yake.

Swali la fedha ni gumu zaidi. Viatu vya kupandia, mahema, nauli na ada ya safari ni mzigo kwa shule ndogo ya kijijini, na ni rahisi sana Tuzo kuwa ya watoto wa shule kubwa. Walimu wenye bidii wameonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Sheria haidai mlima wenye barafu. Kundi laweza kutembea kutoka tarafa yao hadi tarafa nyingine, kulala katika mahema ya kuazima kwenye uwanja wa shule, na kuchunguza habari za mito au za mashamba njiani. Nguo nzito yafaa kuliko nguo mpya. Kitu kisichoweza kuazimwa ni mwalimu atakayeitoa Jumamosi yake, na hapo ndipo shule nyingi hukwama.

Kwa wasichana pana neno jingine. Wazazi huuliza nani atakuwa nao usiku, na ni haki yao kujibiwa kwa ukamilifu kabla ya kutia sahihi: mahema ya wasichana ni mbali na ya wavulana, na mwanamke mzima awepo katika usimamizi. Mahali ambapo shule haiwezi kutoa jibu hilo, heri safari ingoje.

Tena isidhaniwe kwamba siku nne porini humbadilisha mtu milele. Wapo wanaorudi wakijisifu kwa juma moja, kisha wakawa kama walivyokuwa. Walioziweka sheria za Tuzo walilijua hilo, na kwa sababu hiyo safari si yote. Atakaye Dhahabu hutakiwa kushikilia huduma yake, ustadi wake na mazoezi yake kwa miezi 12, juma kwa juma. Kufundisha watoto wadogo kusoma kila Jumamosi kwa mwaka mzima hakuna picha ya kuwaonyesha marafiki. Hakuna kilele. Vijana wengi walioshinda milima hushindwa hapo, mwezi wa nne au wa tano, mvua inaponyesha na mpira unachezwa. Wale wasioshindwa ndio ambao waajiri husema waweza kuachiwa funguo za ofisi.

Nishani za Dhahabu kwa desturi hutolewa katika sherehe kubwa, na Rais wa nchi ndiye mlezi wa Tuzo. Magazeti huchapisha picha za siku hiyo, na ni vizuri. Ila kazi ya mwisho ya safari haina mpiga picha. Kundi lishukapo kutoka Chyulu na kufika Loitokitok, vumbi hadi kwenye nyusi, hutakiwa kuandaa taarifa ya mambo waliyoyaona na waliyoyafanya, na kila mmoja awe na sehemu yake. Huketi chini ya mti karibu na soko, wakisubiri gari, na daftari huzunguka. Mmoja aandika juu ya mawe na nyasi. Mmoja aandika hesabu ya chakula. Wafikapo penye habari ya yale maji, kalamu husimama, nao hutazamana. Kisha yule aliyeosha sufuria hunyosha mkono, akalichukua daftari, na kuanza kuandika.